Bia ya viwanda vidogo: Mapipa ya Nairobi na vibuyu vya Githongo

MGENI anayepanda kutoka barabara ya Nkubu na Meru kuelekea Githongo, katika Imenti ya Kati, hupita kwanza mashamba ya kahawa, kisha ya majani chai, na hatimaye huuona msitu wa Mlima Kenya ukiwa umefunga njia mbele yake. Kiwanda cha bia hatakiona. Hata hivyo, karibu kila kitu anachohitaji mpishi wa bia hupatikana katika mwendo usiozidi siku moja kutoka soko hilo: shayiri ya Timau upande wa pili wa mlima, mtama na wimbi wa Tharaka na Mbeere kule chini kwenye joto, asali ya huko huko Tharaka, miwa ya mabondeni, maji baridi ya mlimani, na lile tunda refu la muratina ambalo wazee hulihifadhi juu ya dari ya jiko.

Katika kipindi cha miaka 15 hivi iliyopita, jiji la Nairobi limeshuhudia kuzuka kwa viwanda vidogo vya bia ambavyo wenyewe hujivunia kwamba hupika kidogo kidogo, kwa mkono, na kwa ladha isiyofanana na ya mwenzao. Wateja hulipa bei ya juu kuliko ya bia ya kawaida, nao hulipa kwa furaha. Wakati huo huo, mzee wa Githongo anayepika muratina kidogo kidogo, kwa mkono, na kwa ladha isiyofanana na ya jirani yake, bado huangalia nyuma ya mlango anaposikia gari likisimama. Ni nini kinachowatenganisha wawili hawa? Ili kulijibu swali hilo, ni sharti tuwafahamu watu na viwanda vilivyoijenga bia ya nchi hii.

Tuanze na jina. Kiswahili bado hakijakubaliana kuhusu bia hii mpya. Wapo wanaoiita bia ya ufundi, tafsiri ambayo haimridhishi mhariri huyu, kwani inafanya wale wengine waonekane kama wanapika bila ufundi. Makala haya yatasema bia ya viwanda vidogo, maana udogo ndio unaotambuliwa na sheria ya ushuru, kama tutakavyoona.

Ndugu wawili na ndovu

Historia ya bia ya chupa nchini inaanzia Ruaraka, nje ya Nairobi ya wakati huo, ambapo ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, waliasisi kampuni ya Kenya Breweries mnamo Disemba 1922. Kwa kipimo chochote kile, kilikuwa kiwanda kidogo. Shehena ya kwanza ilipelekwa katika hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George Hurst aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia iliyopewa jina la Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, ikawa kumbukumbu yake. Ni nadra duniani kupata bia iliyoitwa kwa heshima ya mnyama aliyemuua mwenye kiwanda.

Mnamo 1936 kampuni hiyo ilichukua jina la East African Breweries baada ya kuungana na Tanganyika Breweries, na kwa miongo iliyofuata haikuwa na mshindani wa maana. Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kuinywa bia hiyo kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni. Yeye alitengewa kilabu cha manispaa, kama kile cha Pumwani, ambako pombe ya nafaka iliuzwa na faida yake ikatumiwa kugharamia huduma za Waafrika mjini. Marufuku ya bia ya chupa ililegezwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo, tangu mwanzo, nchi hii ilikuwa na pombe mbili na sheria mbili, na mpaka kati yake haukuchorwa na ladha wala afya.

Waliojaribu kumpinga mkubwa huyo wa Ruaraka walijifunza kwa gharama. South African Breweries, kampuni tajiri kutoka Afrika Kusini, ilijenga kiwanda mjini Thika na kuanza kuuza Castle mwaka wa 1998. Vita vya bei vilidumu kwa muda mfupi tu. Mnamo 2002 pande hizo mbili zilipatana: kiwanda cha Thika kikafungwa, na East African Breweries nayo ikafunga kiwanda chake cha Kibo kule Moshi, Tanzania. Wafanyakazi wa Thika na wa Moshi ndio waliolipa gharama ya mapatano hayo.

Mama wa Naivasha

Aliyefuata hakutoka nje. Tabitha Karanja na mumewe Joseph walikuwa wakiuza vifaa vya ujenzi mjini Naivasha kabla ya kuanzisha Keroche mnamo 1997. Walianza na divai iliyoongezwa nguvu, kinywaji cha bei nafuu kilichomlenga mtu ambaye hakuimudu bia ya chupa. Ushuru ulipopandishwa kwa kundi hilo la vinywaji, walielekea kwenye bia, na Summit ikaingia sokoni mwaka wa 2008.

Keroche haikuwa kiwanda kidogo kwa muda mrefu. Ilikopa mabilioni ya shilingi na kupanua mitambo. Lakini umuhimu wake katika habari hii ni mkubwa, kwa sababu ilithibitisha kwamba Mkenya, tena mwanamke, angeweza kupika bia na kuiuza nchi nzima. Pia ilidhihirisha mahali panapouma. Mvutano wake na Mamlaka ya Ushuru (KRA) uliendelea kwa miaka mingi, na mwaka wa 2022 kiwanda kilifungwa kwa muda kwa sababu ya madeni ya ushuru. Mwaka huo huo Bi Karanja alichaguliwa Seneta wa Nakuru.

Neno seneta linatukumbusha bia nyingine. Senator, bia ya pipa ya bei nafuu, ilizinduliwa na East African Breweries mnamo 2004 kwa makubaliano na serikali: ushuru upunguzwe, ili mnywaji maskini aache pombe haramu zilizokuwa zikiua watu. Mwanasiasa mmoja wa Illinois mwenye asili ya Kogelo alipopata umaarufu, wanywaji wakaanza kuiita Obama. Baadaye bia hiyo ilianza kupikwa kwa mtama wa humu nchini, hasa ule wa aina ya Gadam, unaostahimili ukame, na wakulima wa nyanda za chini za Meru, Tharaka na Embu wakapata soko la zao ambalo hapo awali lilikuwa la kuku na uji.

Kisha Oktoba 2013 serikali ikaondoa sehemu kubwa ya nafuu ile. Bei ya kikombe ikapanda, mauzo yakaporomoka, na magunia ya mtama yakabaki maghalani. Nafuu ilirejeshwa mwaka wa 2015, lakini mkulima aliyekuwa ameng'oa mahindi ili apande mtama alikuwa tayari amepata somo: soko lake lilikuwa katika ukurasa wa sheria ya fedha, na angeweza kulikosa kwa mstari mmoja.

Nairobi yapika kidogo kidogo

Viwanda vidogo vyenyewe vilianza kujitokeza Nairobi karibu na mwaka wa 2010. Brew Bistro, kwenye barabara ya Ngong, iliweka mitambo ya shaba na chuma mahali ambapo mteja angeweza kuiona huku akinywa, jambo geni kwa Mkenya aliyezoea kwamba bia huzaliwa ndani ya chupa. Sierra nayo ilileta bia zake zilizotofautiana kwa rangi, kuanzia ya dhahabu hadi nyeusi. Kisha wakaja 254 Brewing Company, ambayo Eoin Flinn, mzaliwa wa Ireland, ni miongoni mwa waasisi wake, na Bateleur, iliyochukua jina la mmoja wa tai wazuri zaidi wa savana yetu. Katika jirani ya bia, Alexandra Chappatte alianzisha kampuni inayotengeneza Kenyan Originals, kinywaji cha matunda ya humu nchini kilichochachushwa.

Msomaji atagundua kwamba majina mengi ni ya wageni au ya watu waliowahi kuishi ng'ambo. Sababu si ngumu kuipata. Mtaji unahitajika, na mitambo huagizwa kutoka nje. Lakini zaidi ya hayo, mtindo wenyewe ulitoka Marekani, ambako Rais Jimmy Carter alitia sahihi mwaka wa 1978 sheria iliyomruhusu raia kupika bia nyumbani kwa matumizi yake bila kulipa ushuru. Waliojifunzia jikoni mwao ndio waliokuja kufungua maelfu ya viwanda vidogo nchini humo. Kenya ilifuata njia ya kinyume. Miaka miwili tu baada ya Carter, mnamo 1980, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa, na pombe za kienyeji kwa jumla zikawa kitu cha kuvamiwa na askari. Kizazi kizima cha wapishi hakikupata mahali pa kujifunzia hadharani.

Jinsi bia ya kiwanda kidogo inavyopikwa si siri. Shayiri huloweshwa, huachwa iote kidogo, kisha hukaushwa. Hapo huitwa kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji yenye joto la nyuzi kati ya 62 na 70, ambapo wanga hugeuka sukari. Maji hayo matamu huchujwa na kuchemshwa kwa muda wa saa moja hivi pamoja na hopsi, maua machungu yanayotia harufu na kuhifadhi bia. Hupozwa, hutiwa hamira, na kuachwa ichachuke. Bia ya mtindo wa zamani wa Uingereza huchachuka kwa siku chache katika joto la kawaida la Nairobi. Lager huhitaji baridi na wiki kadhaa za kutulia, na kwa hiyo umeme mwingi. Ndiyo maana wapishi wadogo wengi hupendelea ile ya kwanza.

Hopsi ndiyo shida yao kubwa. Mmea huo huhitaji siku ndefu za kiangazi ili uchanue vyema, nasi tulio kwenye ikweta hupata saa 12 za mwanga mwaka mzima. Kwa hivyo hopsi huagizwa kutoka Ulaya na Marekani na kulipiwa kwa dola. Shilingi ikiyumba, bia ya Nairobi nayo huyumba, hata kama shayiri imetoka Timau.

Hesabu ya ushuru

Kwa miaka mingi ushuru wa bia ulitozwa kwa lita, bila kujali nguvu ya kinywaji wala ukubwa wa aliyekipika. Kiwango cha mwisho cha utaratibu huo kilikuwa Sh142.44 kwa lita. Chupa ya nusu lita, basi, ilibeba Sh71.22 za ushuru huo peke yake kabla ya kodi ya thamani, chupa yenyewe, usafiri na faida ya mwenye baa.

Marekebisho ya sheria za ushuru yaliyopitishwa Disemba 2024 yalibadilisha kipimo. Sasa kinachotozwa ni kileo halisi kilichomo: Sh22.50 kwa kila sentilita ya kileo kwa bia ya kawaida, na Sh10 kwa bia ya mpishi mdogo anayejitegemea na mwenye leseni. Kwa mara ya kwanza, sheria ya Kenya ilimtambua mpishi mdogo kwa jina lake.

Tupige hesabu. Chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 4.2 ina sentilita 2.1 za kileo halisi. Mkubwa atalipa Sh47.25. Mdogo atalipa Sh21. Tofauti ya Sh26.25 kwa chupa si haba kwa mtu anayenunua chupa na hopsi kwa bei ya rejareja. Ikiwa bia ni kali zaidi, tuseme asilimia 6, mkubwa hulipa Sh67.50 na mdogo Sh30.

Lakini lipo neno moja katika kifungu hicho linalofaa kusomwa mara mbili: leseni. Mpishi mdogo sharti aandikishwe na KRA, abandike stempu za ushuru, bidhaa yake ipite kwa Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), na majengo yake yakaguliwe na maafisa wa afya na wa mazingira. Tangu Katiba ya 2010, leseni za vileo nazo ni shughuli ya kaunti. Mwenye kampuni ya Nairobi huajiri mhasibu na wakili. Mzee wa Githongo hana budi kuziwekea ofisi hizo zote nauli ya matatu.

Muratina na kipimo chake

Si kwamba pombe yake ni haramu kwa asili. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, ilifuta ile ya 1980 na kufungua mlango wa pombe za kienyeji kupikwa na kuuzwa kihalali, mradi zifikie viwango vya ubora. Wengi hukumbuka saa za kufungua baa zilizowekwa na sheria hiyo na kusahau mlango huo.

Muratina hupikwa kwa tunda la mti unaoitwa mwegea kwa Kiswahili cha pwani. Tunda bichi ni sumu. Likikomaa hupasuliwa, huanikwa juani hadi likauke, huchemshwa na kuondolewa uchungu, kisha hulowekwa katika maji ya asali au ya miwa ili lipokee hamira. Baada ya hapo nyuzi zake huwa makao ya hamira kwa miaka. Humwagiwa maji ya miwa au asali ndani ya kibuyu au mtungi, huwekwa karibu na moto, na baada ya siku moja au mbili pombe huwa tayari. Tunda huoshwa, huanikwa na kuhifadhiwa kwa siku nyingine. Utotoni niliwahi kumtazama mzee mmoja wa sehemu hizo akiyapanga matunda yake juani, moja moja, kwa uangalifu ambao hakuwapa hata mbuzi wake. Aliyajua kwa umri. Lililo kuu kuliko yote lilikuwa la babake.

Kwa lugha ya wapishi wa Nairobi, mzee huyo alikuwa na hamira yake ya nyumba, iliyolelewa vizazi viwili. Viwanda vya Ubelgiji hutangaza jambo kama hilo kwenye lebo na kuongeza bei.

Katika jamii ya Ameru pombe hii haikuwa ya kila mtu wala ya kila siku. Asali ilikuwa sehemu ya mahari, na pombe ilifungua mazungumzo ya posa na mabaraza ya wazee. Vijana hawakuruhusiwa kuinywa. Ile ya nafaka, iitwayo marwa, ilipikwa kwa kimea cha wimbi au mawele na ilikuwa zaidi kazi ya akina mama. Hali hiyo haikuwa ya Meru pekee; kutoka busaa ya magharibi mwa Kenya hadi mbege ya Kilimanjaro, inayochanganya ndizi na wimbi, anayeota kimea aghalabu ni mama.

Sasa turudi kwenye ile hesabu. Kulipa Sh10 kwa sentilita ya kileo kunahitaji kwanza kuijua nguvu ya kileo. Kiwandani hupimwa kabla na baada ya kuchachuka, na tarakimu huandikwa kwenye lebo. Muratina ya Jumamosi si ya Jumatano: jua, miwa, tunda na ubaridi wa usiku hubadilisha kila kibuyu. Sheria iliyotungwa kwa kumfikiria mpishi mdogo imetumia kipimo ambacho mpishi mdogo kuliko wote hana chombo cha kukipata. Kifaa chenyewe, mrija wa kioo unaoelea, hakina thamani kubwa. Kinachokosekana ni mtu wa kumfundisha mzee kukisoma, na ofisi ya kuipokea tarakimu hiyo karibu na kwake.

Sumu

Yupo msomaji atakayeuliza kwa nini tuhangaike na pombe za kienyeji ilhali zimewamaliza watu. Swali ni la haki. Novemba 2000 watu zaidi ya 130 walifariki katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Mei 2014 makumi walikufa katika kaunti kadhaa, na Embu ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika vibaya. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa Kangai, Kirinyaga, kwa kinywaji kilichouzwa katika baa.

Katika maafa ya aina hii mshukiwa wa kawaida ni methanoli, kemikali ya viwandani isiyogharimu sana, ambayo walaghai huiongeza ili pombe ionekane kali. Mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho, ndiyo maana wengi hulalamika kwamba taa zimezimika kabla hawajafa. Nafaka, asali na miwa vikichachuka kwa hamira pekee havitoi methanoli ya kiwango hicho. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa hawatii maji. Hata hivyo, sharti tukiri kwamba mnywaji gizani hana njia ya kutofautisha kibuyu cha mzee mwaminifu na jerikeni ya mlaghai, na kwamba ulevi umeharibu nyumba nyingi za Meru na Embu hata pasipo sumu. Kinachobishaniwa ni kama kumficha mwaminifu kunamzuia mlaghai. Misako ya 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe za bei rahisi ziharibiwe katika eneo la Mlima Kenya, ilimwaga mengi barabarani. Kangai ilitokea miaka tisa baadaye.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Uganda, kwa sheria ya Enguli ya 1965, iliwataka wapishi wa vijijini wapeleke pombe yao kwa kiwanda chenye leseni kikaisafishe, na huko ndiko ilikotoka Uganda Waragi. Jijini Arusha, Adolf Olomi aliigeuza pombe ya ndizi ya kijijini kuwa kinywaji cha chupa kupitia Banana Investments, kampuni aliyoianzisha miaka ya 1990. Mojawapo ya bidhaa zake inaitwa Meru, ingawa ni Meru ya upande ule wa mpaka. Kigali, Rwanda, ina Kweza, kiwanda kidogo kilichoanzishwa na wanawake, Josephine Uwineza na Jessi Flynn, katika nchi ambayo bia ya mtama ilipikwa na akina mama tangu jadi.

Mfano wa Arusha ndio unaoikaribia Githongo zaidi. Migomba imejaa Imenti. Majani chai ya hapo hukusanywa kutoka kwa maelfu ya wakulima wadogo, hupimwa vituoni na kusindikwa katika kiwanda kimoja chini ya jina moja, na hakuna mkulima anayetakiwa kuwa na maabara yake. Utaratibu huo, uliozoeleka na kila mtu kijijini, haujawahi kujaribiwa kwa kibuyu. Karani wa kituo anayepima gunia la majani angeweza pia kuushika mrija wa kioo, akaandika tarakimu mbili kwenye kijitabu, na kumpa mzee risiti.